Herufi Sitini na Tatu

Saa tatu kasoro robo asubuhi karani wa masjala aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa kandambili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kijani. Viatu alivyokamatwa navyo vilikuwa kwenye kabati fulani, na hakuna askari aliyejua ni kabati lipi. Inspekta alizitazama zile kandambili akahisi hasira ikimpanda kabla hata hajafungua jalada.

Mwanamke huyu alikuwa na siku kumi na mbili ndani. Saa nane mchana wa siku hiyo angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuharibu kumbukumbu za hospitali kwa nia ya kudhuru wagonjwa, na akishasomewa shtaka la namna hiyo ni rumande moja kwa moja mpaka kesi iishe, iwe mwaka, iwe miwili. Jalada lilifika mezani kwa Inspekta jana yake jioni, baada ya mpelelezi wa kwanza kuhamishwa. Kituoni walimwita Inspekta huyu Sindano, maana alikuwa mwembamba na hakuna aliyefurahi kukutana naye.

"Kaa, dada. Jalada lako ninalo mimi sasa."

"Shikamoo, afande. Wewe ni wa pili. Yule wa kwanza aliniuliza swali moja tu: kwa nini namwonea wivu mke wa mtu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwa Ijumaa tano mfululizo, wagonjwa kumi na mmoja walipoteza faili zao zote kwenye kompyuta za hospitali, picha za eksirei, majibu ya vipimo na maelezo ya daktari. Kila mara kumbukumbu za mfumo zilionyesha kuwa ufutaji ulifanywa kwa nywila ya karani huyu. Na miongoni mwa hao kumi na mmoja alikuwemo mke mpya wa mtalaka wake, ambaye upasuaji wake uliahirishwa kwa kukosa picha. Mpelelezi wa kwanza alipoliona hilo, alifunga daftari akaenda kunywa chai.

"Humpendi huyo mwanamke," Inspekta alisema.

"Simpendi! Kwani sheria inanilazimisha? Lakini mle kuna mzee wa miaka tisini, afande. Naye kaniibia mume?"

Inspekta alificha tabasamu kwa kugeuza ukurasa. "Nieleze Ijumaa yako. Polepole, kama unamfundisha mtu mpya."

"Saa nne nafungua mfumo. Kila mgonjwa ana folda yake. Ndani ya hiyo folda kuna nyingine ndogo inaitwa muda. Humo mashine inatupa vipande vya picha ambavyo havitakiwi tena, takataka tu. Nabonyeza kitufe cha Safisha, mfumo unapita kwa kila mgonjwa unafuta vilivyomo kwenye hiyo ndogo. Ni amri. Waraka umebandikwa ukutani, nenda kausome."

"Umefanya hivyo muda gani?"

"Miaka minne. Haijapotea hata picha ya kidole. Mpaka walipobadilisha majina."

"Majina gani?"

"Zamani folda ilikuwa namba tu. Wagonjwa wawili wakachanganywa, mmoja akapewa dawa za mwenzake. Basi ukaja waraka kwamba folda iandikwe majina matatu ya mgonjwa, jina la mama yake, na mtaa, na namba ya nyumba kama inajulikana. Bila kufupisha. Ukifupisha, barua ya onyo. Hiyo ni miezi miwili sasa."

"Faili la kwanza lilipopotea ulifanya nini?"

Karani aliinua uso. "Nilimwandikia meneja wa mifumo siku ileile. Kwa mkono wangu. Nakala yangu ikapigwa mhuri ofisini kwake. Iko mkobani, na mkoba mnao nyinyi."

Inspekta alirudi ukurasa wa nne wa jalada, penye maelezo ya meneja. Sijawahi kupokea taarifa yoyote ya hitilafu, alikuwa ameandika. Na chini yake, kwa mwandiko uleule wa kujiamini: Mashine haina wivu, mwenye wivu ni mtu. Alikuwa amejiona kasema jambo la maana sana.

Mkoba ulikuwa stoo ya vielelezo, juu ya rafu, ukiwa umefungwa kwa uzi ambao haujaguswa tangu siku ya kwanza. Askari wa stoo alisema hakuna aliyeuomba. Barua ilikuwemo, imekunjwa mara nne, na mhuri wa ofisi ya meneja ulionekana wazi pamoja na tarehe. Siku kumi na mbili barua hii ililala hatua thelathini kutoka mahabusu, na mwenye barua analala sakafuni. Kando ya mkoba kulikuwa na bahasha nyingine: kurasa kumi na nne za kodi ya ule mfumo, yaani maagizo yanayoiendesha programu yake, zilizochapishwa kwa amri ya mpelelezi wa kwanza, zikapigwa mhuri, zikawekwa. Hazikuwa na hata alama ya kidole.

Alimpigia simu mwendesha mashtaka.

"Barua inaonyesha kwamba alisema," mwendesha mashtaka alimjibu. "Haionyeshi kwamba hakufuta. Mwizi naye hupiga kelele za mwizi. Niletee kilichofuta hizo faili, nikione kikifanya kazi mbele ya shahidi, na uniletee kabla ya saa nane."

Masjala ya hospitali ilikuwa chumba kirefu chenye kompyuta mbili na feni iliyokuwa ikilalamika. Matroni, mama mtu mzima mwenye funguo kiunoni, ndiye aliyefungua mlango. Ndiye pia aliyetia sahihi malalamiko dhidi ya karani.

"Nilitia sahihi kilicholetwa mbele yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Meneja alikuja na karatasi zake za kompyuta, jina la binti lipo kila mstari. Ningesema nini?"

"Tangu akamatwe, faili ngapi zimepotea?"

"Hakuna."

Hilo lilikuwa baya kwa karani, na Inspekta aliliandika hivyohivyo. "Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nani alibonyeza Safisha?"

"Hakuna aliyebonyeza. Meneja alitukataza. Alisema tusubiri mpaka atupe ruhusa mwenyewe."

Inspekta aliinua kalamu. Kama mkosaji ni mtu na mtu yuko ndani, kitufe kina kosa gani? Hakumuuliza Matroni, maana Matroni alikuwa ameshajiuliza. Uso wake ulionyesha.

Waliketi na orodha ya wale kumi na mmoja. Inspekta aliwapanga kwa umri, hakupata kitu. Akawapanga kwa daktari, kwa wodi, kwa ugonjwa, kwa siku waliyolazwa. Hakuna kilichowaunganisha. Alipoyatazama yale majina bila kuyasoma, akaona kwamba yote yalikuwa marefu na yalifika karibu mahali pamoja ukingoni mwa karatasi.

"Majina marefu, Matroni! Mfumo umeshindwa na majina marefu."

"Subiri basi." Matroni alitafuta kwenye kompyuta, akageuza kioo. "Huyu bwana ana jina refu kuliko wote hapa. Jina la mama yake peke yake ni treni. Faili lake lipo, hili hapa."

Lilikuwepo kweli, na lilikuwa zima. Inspekta akachukua penseli akaanza kuhesabu, herufi kwa herufi, pamoja na vistari vinavyoyaunganisha majina. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Arobaini na nne. Alihesabu wote kumi na mmoja, akarudia, na Matroni naye akahesabu kivyake. Hakuna aliyekuwa na arobaini na tatu wala arobaini na sita. Yule bwana wa treni alikuwa na hamsini na mbili.

"Wivu wa mtu gani huu," Matroni alisema taratibu, "unaochagua kwa kuhesabu herufi?"

Mume wa mdogo wake Inspekta alikuwa mwandishi wa programu za mashine za kusukuma maji, na alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Saa tano na nusu Inspekta alikuwa mlangoni pake na zile kurasa kumi na nne.

"Shemeji, leo umekuja kunikamata?"

"Nikikukamata dada atapumzika. Soma hizi. Nakuandikisha kama mtaalamu, kwa hiyo usiseme usichoweza kukitilia sahihi."

"Mchukue, mchukue," mdogo wake alisema kutoka kwenye meza ya kupigia pasi, bila kuinua macho. "Utamrudisha akijifunza kutandika kitanda."

Shemeji alisoma akiwa na utani wake usoni. Kufika ukurasa wa sita utani ukaisha. Alirudi ukurasa wa tano, akaenda wa sita tena, akavua miwani.

"Umewahi kujaza fomu yenye visanduku vya herufi? Visanduku vinaisha, jina halijaisha?"

"Kila siku."

"Basi aliyeandika programu hii ameipa kompyuta fomu ya visanduku sitini na vinne. Cha mwisho ni cha alama ya kufungia, vinabaki sitini na vitatu. Humo ndimo anamopanga njia ya kwenda kwenye folda anayotaka kuisafisha." Alichukua bahasha ya bili ya umeme akaandika nyuma yake: /hifadhi/wagonjwa/. "Hesabu, na hii mishazari inayotenganisha majina."

"Kumi na nane."

"Ongeza jina la mgonjwa lenye herufi arobaini na nne."

"Sitini na mbili."

"Ongeza mshazari mmoja, maana baada ya jina linatakiwa neno muda."

"Sitini na tatu." Inspekta aliacha kuandika. "Visanduku vimeisha."

"Vimeisha. Neno muda limeachwa nje. Na kompyuta haikumwambia mtu."

"Lakini njia inayoishia kwenye mshazari haiendi popote."

"Ingekuwa heri! Ngoja uone." Alipiga ukurasa kwa kidole. "Hapa kuna sehemu anaiita kusafisha njia. Mishazari miwili ikifuatana, anabakiza mmoja. Mshazari ukining'inia mwishoni, anaukata. Ni usafi mzuri, wote tunaufanya. Sasa safisha hii yako. Inabaki nini?"

Inspekta alifuta mshazari wa mwisho kwa penseli. Alikuwa akitazama njia iliyonyooka, kamili, isiyo na kasoro, inayokwenda kwenye folda ya mgonjwa mwenyewe.

"Halafu," shemeji alisema, "anaiamuru mashine ifute kila kilichomo."

Inspekta aliuliza kuhusu arobaini na tano. Hapo hata mshazari haukupata nafasi, shemeji alieleza, na matokeo ni yaleyale. Na yule wa hamsini na mbili? Huyo jina lake mwenyewe lilikatwa mkia. Mashine ikatafuta folda isiyokuwepo, ikakosa, ikanyamaza. Kwa wa arobaini na tatu ilitafutwa folda inayoitwa m, herufi pekee ya neno muda iliyopata kisanduku, nayo haipo. Walionusurika walinusurika kwa sababu makosa yao yalikuwa makubwa zaidi, au madogo zaidi.

"Inaweza kuwa bahati mbaya," Inspekta alisema. Alitaka kusikia jibu.

"Bahati mbaya?" Shemeji alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Shemeji, amri aliyotumia kuunga njia inamrudishia jibu! Inamwambia ilihitaji nafasi ngapi! Alinganishe na sitini na nne, basi, mstari mmoja wa kodi, akiona imezidi asimame. Hakulitazama hilo jibu. Na hapa, ukurasa wa mwisho, panapoandikwa namna ya kuijenga programu: mashine yenyewe hutoa onyo kwamba hapa njia itakatika. Amewasha alama ya kunyamazisha maonyo yote. Kaziba mdomo wa mashine! Hii ni hospitali, si duka la kuuza nyimbo. Nani aliandika uchafu huu?"

Juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina la mwandishi wa programu. Inspekta alilijua, lilikuwa chini ya ukurasa wa nne wa jalada.

Saa saba kasoro dakika kumi Inspekta na Matroni waliingia ofisini kwa meneja wa mifumo. Kilikuwa chumba chenye zulia, kiyoyozi na vyeti vitatu ukutani. Meneja mwenyewe alikuwa na tai na mto mdogo nyuma ya mgongo, maana uti wa mgongo wake ulikuwa na shida ya siku nyingi.

"Karibuni, karibuni. Afande, nilidhani mambo yamekwisha. Si leo ndiyo mahakamani?"

"Saa nane. Nakamilisha tu karatasi," Inspekta alisema. "Mwendesha mashtaka anataka kuona kwamba mfumo hauna kosa. Tukimwonyesha hilo, hakuna atakayebishana."

"Sawa kabisa. Mfumo hauna kosa."

"Matroni ataandika kama shahidi. Nimeambiwa na wewe una folda humu."

"Ninayo. Picha zangu za mgongo."

"Bado ni ya namba. Wafanyakazi mliachwa kwenye ule waraka." Alimwekea karatasi mezani. "Haya ni majina yako kama yalivyo kwenye daftari la utumishi, jina la mama, mtaa na namba ya nyumba. Ibadilishe folda yako iwe hivyo, kisha ubonyeze Safisha, kwa folda hiyo moja tu."

Aliyoyaandika pale yalikuwa na herufi na vistari arobaini na tano. Hakulisema hilo. Wala hakusema kwamba nusu saa iliyopita Matroni alikuwa ameinakili folda ile kwenye diski na kuitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Meneja alivuta kibodi. Aliandika majina yake matatu harakaharaka, jina la mama yake pia. Alipofika kwenye mtaa, vidole vilisimama. Midomo yake ikaanza kucheza kidogo sana, na kidole cha shahada kikawa kinagonga ukingo wa meza, tep, tep, tep. Inspekta alikuwa amefanya hivyohivyo asubuhi ile, kwa penseli.

Kisha meneja aliandika herufi tatu za mwanzo za mtaa, akaacha namba ya nyumba, akabonyeza Safisha kwa madaha. Kioo kikafikiri kidogo. Folda ikabaki palepale.

"Mmeona?" Alijiegemeza kwenye mto wake. "Ipo, nzima. Kama nilivyosema toka mwanzo. Tuache kuisingizia mashine mambo ya watu na ndoa zao."

"Umefupisha mtaa," Inspekta alisema.

"Ah, hiyo haina maana."

"Na namba ya nyumba umeiacha."

"Afande, ni mfano tu."

"Waraka unasema anayefupisha anaandikiwa barua ya onyo. Sahihi iliyo chini ya waraka ni yako. Tena ulihesabu kwanza ndipo ukafupisha. Ulikuwa unahesabu nini?"

Meneja alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Inspekta alisogeza ile karatasi mpaka ikagusa kibodi.

"Iandike kama ilivyo hapa. Yote. Kisha bonyeza."

Meneja aliondoa mikono mezani akaipeleka mapajani.

"Bonyeza, baba," Matroni alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayotumia kwa wagonjwa wanaokataa sindano.

"Matroni, humo mna picha za miaka sita. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji."

"Si mfumo hauna kosa? Picha zitakwenda wapi?"

Inspekta alitoa barua ya karani, akaikunjua mara nne, akaiweka juu ya karatasi, mhuri ukitazama juu.

"Hii ulipokea tarehe hii. Ukaenda ukaitazama kodi yako, ukaona. Karani huyu ndiye mtu pekee katika jengo zima aliyekwambia ukweli, nawe ukachukua ukweli wake ukaufanya kamba ya kumfungia. Wagonjwa kumi wakafutwa baada ya barua hii. Kumi! Ungeweza kusema siku ile ile tuache kubonyeza. Ulikataza kubonyeza lini? Baada ya kupata mtu wa kumtupia."

"Ukaguzi ulikuwa unakuja," meneja alisema. Alikuwa akizungumza na zulia. "Wangeniuliza nani aliandika. Nilipanga kurekebisha ukaguzi ukishapita. Ni mstari mmoja tu, afande, haki ya Mungu, ni kazi ya dakika tano."

"Na karani?"

Meneja aliinua macho, na kilichomkasirisha Inspekta zaidi ya yote ni kwamba yalikuwa macho ya mtu anayetoa maelezo ya busara.

"Nilijua angetoka tu," alisema. "Hana kosa."

Matroni aliacha kuandika. Inspekta aliishika mikono yake nyuma, mmoja ukiubana mwingine, kama wanavyofundishwa askari wapya.

"Rudia," Matroni alisema. "Nataka niandike kama ulivyotamka. Mimi nilitia sahihi, yule binti akaenda ndani. Rudia."

Alirudia. Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka, akamsomea maneno yale mara mbili kutoka kwenye karatasi ya Matroni. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mwendesha mashtaka alisema analiondoa jina la karani kwenye orodha ya saa nane, na kwamba gari lililokuwa limpeleke mahakamani limpeleke nyumbani. Inspekta alimwambia kwanza wamtafutie viatu vyake.

Matroni alimaliza kuandika, akageuza karatasi, akaweka kalamu juu yake. Meneja aliichukua kalamu. Kabla hajatia sahihi aliuliza kama picha zake za mgongo zingekuwa salama.

Matroni aligusa diski mfukoni mwa koti lake, kisha akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi.